Jina Nililoliacha Kwenye Orodha ya Mume Wangu

Mama Lulama, mshauri wetu, amani ya Bwana iwe kwako. Hujambo? Ile miguu uliyosema redioni inavimba, imepoa? Sisi wazima, ila nina jambo naomba unisaidie, hata kanisani sijalisema.

Mume wangu Bhele, mwalimu wa kwaya miaka thelathini, anapotewa na neno moja moja, kama ng'ombe waingiao ukunguni, leo kijiko, kesho mlango, na madaktari hapa East London wanamjaribia tiba ya kumfunga kichwani mkanda wenye sponji mbichi zinazopitisha umeme mdogo, anasema unatekenya kama sisimizi, huku akionyeshwa picha azitaje, nami nakaa kando kama niko ndotoni. Walinipa karatasi nichague maneno ishirini ya nyumbani, maana umeme peke yake haurudishi kitu, husaidia yale anayofunzwa. Niliandika maji, uji, Biblia, jina langu, na majina ya wanangu wawili. La Sinazo nikaliacha. Huyo ni binti ambaye Bhele alimzaa kabla ya kunioa, na mwanamke wa ng'ambo ya mto Kei, marehemu sasa, nikamlea tangu ana miaka sita, ananiita Mama, na bado jina lake lilinichoma kila Bhele alipoliita kwa ile sauti yake ya kwaya.

Jumapili Sinazo alikuja, akamwinamia babake. "Tata, niite basi, hata mara moja."

Bhele akamshika shavu, akatafuta, akatafuta. "Wewe... wa mto."

Sinazo akacheka. "Mama, mzee amenibatiza upya!" Kisha akaenda jikoni, akafungua bomba, maji yakamwagika muda mrefu bila chombo.

Jumatatu ijayo wanabadilisha orodha, kwa mara ya mwisho. Nifanyeje? Nijibu upesi, mama.

MaGcina, Mdantsane, Afrika Kusini

MaGcina, ni Mama Lulama, miguu inaendelea vizuri, asante. Pole sana, lakini sikupangusi machozi kabla sijakugombeza. Ulimwonea wivu mtoto aliyekula mkononi mwako! Jumatatu peleka picha ya Sinazo, jina lake liwe la kwanza. La kwako litolewe kama nafasi haitoshi. Kabla ya hapo mwambie binti ukweli, jikoni humo humo, usijifiche nyuma ya sala. Atakasirika, mwache akasirike. Halafu kila asubuhi akae na babake, amtajie jina mwenyewe, taratibu.

Huenda lisirudi. Tiba hiyo bado inajaribiwa. Likigoma, mwiteni wote "wa mto." Hilo babake alilitoa ukunguni mwenyewe, bila karatasi yako.