Leo Uko Ofu

Mowlem, Nairobi

Kwako wifi yangu Rispa,

Pokea salamu zetu za huku mjini. Lile goti lako limepoa? Na mahindi je, mvua imewaachia nafasi ya kuyaanika? Sisi tuko wazima. Ndugu yako anakula vizuri, na akiona mboga ya mrenda mezani anacheka peke yake. Nimeona niandike kwa sababu kwa simu siwezi kusema. Akisikia jina lake tu, anavuta kiti aje kunisikiliza.

Wifi, kile chumba ulichomwandalia huko nyumbani, weka mahindi. Haji. Najua ni mimi niliyekupigia nikilia kwamba nimeshindwa, nimlete uishi naye wewe. Na kweli nilikuwa nimeshindwa. Kila asubuhi mtu aliyestaafu zamani anataka kwenda kazini kwenye kiwanda cha sabuni, nami nimesimama mlangoni na ufunguo, ananiita mwizi. Mimi! Mke wake kwa miaka arobaini!

Basi nikajifanya mjanja, nikaficha viatu vyake. Jumatatu moja nikatoka kidogo tu kuanika nguo. Kurudi, mlango wazi, mtu hayuko. Nilipiga nduru mpaka majirani wakatoka na miko mikononi. Tukamtafuta kanisani, sokoni, hadi kando ya mto. Nilijiambia nimemuua kwa uzembe wangu.

Saa nne simu ikalia. Askari wa geti pale kiwandani, mama mmoja mpole, alikuwa ameona nambari yangu niliyoiandika ndani ya kola ya koti la ndugu yako.

"Mama, njoo polepole. Mzee wako yuko hapa kwenye laini."

Nikamkuta amepanga foleni na vibarua wanaongoja kuchaguliwa, amevaa malapa yangu mekundu! Vijana hawakumcheka. Mmoja alikuwa amempisha: "Buda, wewe simama hapa mbele." Mimi nilitaka kumvuta twende, lakini yule askari akanizuia, akamwendea na daftari lake.

"Mzee, nimeangalia hapa. Leo uko ofu."

"Nani amesema?"

"Supavaiza."

Ndugu yako akavua kofia. "Afadhali. Miguu inauma."

Akanishika mkono tukarudi bila ugomvi wowote. Kumbe mtu hakutaka kutoroka, alikuwa anangoja ruhusa ya kupumzika!

Tangu hapo kila asubuhi namwandikia karatasi: Leo uko ofu. Anaisoma, anauliza kama imesainiwa, kisha anakaa kwenye jua abambue njugu. Supavaiza ndiye mimi. Mke wa mchungaji aliniambia huo ni uongo, nikamwambia aje basi ashike mlango yeye. Hajaja. Wifi, siku hizi nakunywa chai yangu ikiwa moto, na ufunguo hata sijui niliuweka wapi.

Nisalimie mama mkwe, mwambie mwanawe ananenepa. Nisalimie na shemeji, mzee wako, na wale mama wa kwaya walioniombea.

Sasa nikueleze karatasi uliyoikuta ndani ya bahasha. Alhamisi nilikuwa nafua mashuka yake, akasimama hapo ananitazama muda mrefu.

"Na wewe mama, ofu yako ni lini?"

Nikamwambia sina. Hebu ungemwona alivyokasirika! "Haiwezekani! Mtu afanye kazi hivi kila siku?" Akaitisha kalamu. Jina langu hakulikumbuka, lakini soma mwenyewe: Huyu mama apewe ofu siku mbili. Na hapo chini ni sahihi yake ileile ya zamani, hajaikosea hata kidogo. Nililia juu ya beseni, na sikulia kwa uchungu.

Kwa hivyo, wifi, imesainiwa. Njoo unishikie zamu siku mbili, na karatasi yangu uirudishe.

Ni mimi mke wa ndugu yako,
Selina