Neno Lako la Siri ni Dhaifu

Kwako dada yangu,

Shikamoo dada. Hapo nyumbani hamjambo wote? Naulizia watu kwanza kisha cherehani, kwa sababu najua ikigoma hiyo na wewe huumwa siku hiyo hiyo. Shemeji amesharudi na lori lake, au bado yuko njiani akila vumbi? Na mwanetu, bado anakuwa kiziwi kila akitumwa dukani? Mwambie mama yake mdogo anamsalimu. Mimi mwili wangu mzima, namshukuru Mungu, ila kichwa kina makelele ya miezi miwili, na leo nimeona niyatue kwako.

Utashangaa kupata barua zama hizi, tena kutoka kwa mtu anayekula kwa kazi ya simu. Lakini kwenye simu sikuwezi, dada. Nikianza jambo zito unaniuliza kama nimekula, nikisema bado unanigombeza, na mazungumzo yote yanaishia jikoni. Karatasi haikatizi mtu. Nisome mpaka mwisho, kisha ndiyo ugombe.

Unakumbuka nilikueleza habari za ile programu ya shule tunayotengeneza, ya mzazi kupata matokeo ya mtoto na matangazo ya mikutano kwenye simu, badala ya vikaratasi vinavyofika nyumbani vimeshakunjwa ndege. Wenzangu walijenga nyumba, mimi nikapewa mlango: zile kurasa za mwanzo ambazo mzazi anajisajili. Nikadhani nimepewa kazi nyepesi. Kumbe nyumba ikiwa nzuri watu humsifu aliyejenga, na mlango usipofunguka kila mtu anajua pa kwenda kulalamika.

Ofisi yetu unaijua kwa kuisikia, ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro, feni moja inayozunguka ikijisikia. Bosi wetu tunamwita Bwana Kesho, maana hakuna kitu alichowahi kukitaka keshokutwa. Anayeandika mitambo ya ndani ya programu tunamwita Kimya, na yeye mwenyewe hajawahi kulalamikia jina hilo wala jambo lingine lolote. Mimi nachora kurasa na kuandika maneno ya juu yake. Shikilia hapo, dada: maneno yote mzazi anayoyaona niliyaandika mimi.

Tukaanza majaribio katika shule tatu, na shule ya mwanetu ikawa mojawapo. Wazazi mia nne na kumi na wawili. Wiki tatu zikapita, waliofanikiwa kuingia walikuwa sitini na mmoja. Sitini na mmoja! Bwana Kesho akaibandika namba hiyo ukutani, mkabala na kiti changu, ili nikiinua macho nikutane nayo. Akasema mwisho wa muhula ukifika hali ikiwa hivyo, shule zitarudi kwenye vikaratasi vyao, na sisi tutatafuta kazi ya kuuza magodoro huko chini.

Nilikasirika, na hasira yangu nikaipeleka kwa wazazi. Ukurasa wa kwanza ulidai barua pepe, wengi hawana, nikasema si wafungue. Ukurasa wa pili ulimtaka mtu athibitishe kwamba yeye si roboti kwa kuchagua vipicha vidogo vyenye taa za barabarani. Bibi mmoja akaenda shuleni kwa miguu yake kumuuliza karani ni roboti gani mwenye wajukuu sita. Niliposimuliwa nilicheka, lakini sikubadili kitu. Nilisema watu hawasomi maelekezo, wanabonyezabonyeza tu. Neno uvivu lilinitoka, dada, na si mara moja.

Wiki hiyo ndiyo nilikupigia kukuuliza kama umejisajili. Ukaniambia tayari, tena ni rahisi kama kunywa maji, na ukanipa hongera. Basi nikaingia kikaoni kifua mbele. Nikawaambia wote kwamba dada yangu ni mshona nguo, shule aliishia darasa la saba, na amejisajili bila kuuliza mtu. Sasa hawa wengine wana ugonjwa gani? Wewe ndiye uliyekuwa ushahidi wangu kwamba mlango hauna kasoro.

Kisha akapiga simu karani wa shule mojawapo. Yule mama ana sauti ya kuita mkutano, na siku hiyo alinong'ona. Akasema wazazi wanaomwendea kuomba msaada wanafika mahali fulani wanafunika simu kwa kiganja na kumwomba atoke nje. Mmoja alimuuliza kama hayo watakayoandika yatasomwa na mwalimu mkuu. Mwingine alitaka kujua shule ilianza lini kuungamisha watu. Karani akauliza, kwa adabu zote, sisi siri za wazazi tunazitakia nini.

Sikumwelewa. Nikamwendea Kimya, naye kwa mara ya kwanza akazungumza sentensi tatu mfululizo. Alisema wakati wa majaribio aliuagiza mtambo uweke kila kitu kilichokataliwa, ili tujue watu wanakwama wapi. Jambo hilo halifanywi, yeye anajua na mimi najua. Tukafungua.

Dada, nilichokuwa nimeandika kwenye ukurasa ni hiki: Andika neno lako la siri. Liwe refu, ulijue wewe peke yako, na usimwambie mtu yeyote. Mimi nilimaanisha ufunguo, zile herufi na tarakimu za kufungulia. Wazazi walisoma Kiswahili. Shule imeomba siri, wakatoa siri. Na mtambo, ambao ulikuwa unatafuta herufi kubwa na alama za ajabuajabu, ukawajibu kwa maandishi mekundu, ambayo pia ni yangu: Neno lako la siri ni dhaifu. Andika lenye nguvu zaidi.

Sasa mtu mzima akiambiwa siri yake ni dhaifu, atafanya nini? Anachimba kubwa zaidi. Baba mmoja alianza kwa kukiri kwamba darasa la nne alilirudia. Dhaifu. Akaandika kwamba jogoo wa jirani hakuibwa, walimla wao. Dhaifu. La tatu lilimhusu mwalimu mkuu na sitaliandika hapa. Mama mwingine aliandika mara tano kwamba hana siri yoyote, na kila mara akaambiwa ni dhaifu, mpaka akaandika kwamba basi anayo moja. Hapo aliacha. Ofisi nzima ilicheka mpaka machozi, Kimya naye mabega yakamtikisika. Bwana Kesho peke yake hakucheka. Aliuliza kama mlango mpya utakuwa tayari kesho.

Ilichukua siku tisa, na kila siku ilikuwa ugomvi. Bosi hakutaka kuacha alama za ajabuajabu kwa kuwa zinaonekana za kitaalamu. Nikamwambia kufuli nzuri ambayo mwenye nyumba hawezi kuifungua ni ukuta. Tukaondoa barua pepe, tukaondoa roboti na taa zake. Neno la siri nikalifuta kabisa, nikaandika: Chagua tarakimu nne za kufungulia. Herufi zilikuwa za kijivu kwenye ukurasa mweupe, nyembamba, za kuvizia, nikazifanya nyeusi na kubwa. Kisha nikabeba simu mbili nikaenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya karani, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo kama si ujuaji. Akili nyingi huondoa maarifa. Yule bibi wa wajukuu sita alimaliza kwa dakika mbili, akaniuliza kama ni hayo tu au kuna mengine nimeyaficha. Wiki hii tumefika mia tatu na themanini, na ile karatasi ya ukutani imebanduliwa.

Ningetamani barua iishie hapo, dada. Nimezunguka sana ili nisifike ninapofika sasa.

Katika ile orodha ya waliokwama kulikuwa na mtu mmoja juu kabisa. Alijaribu mara kumi na nne; hesabu hiyo tuliiona, ila namba na maandishi yake hatukuyafungua. Ofisini tulimwita Mama Kumi na Nne, na kila kitu kilichogoma, feni, lifti, mlango wa choo, tulisema kinamngoja yeye. Jina hilo nililitunga mimi, na nililitamka kuliko wote. Jumatatu iliyopita nikapewa kazi ya kuwapigia simu waliobaki, niwaite wajaribu mlango mpya. Nikaanza na yeye, nikitarajia kicheko. Nikafungua nione namba yake. Namba hiyo naijua kwa kichwa tangu ulipoinunua.

Ilinipasa kufunga hapo hapo. Sikufunga, dada. Nilisoma yote kumi na nne, na hilo ndilo ninalokuungamia.

La kwanza uliandika sukari tu, ukaambiwa ni fupi. Ukaandika unaificha nyuma ya unga. Ukaandika shati la shemeji halikupotea, uliligeuza dekio. Ukaandika Kidomo hajui kupika na hatajua, hapo nikajicheka mwenyewe kama mwendawazimu. Mtambo ukakukatalia yote. Ukaendelea kwenda chini, jaribio baada ya jaribio, kwa dakika hamsini. Nimeona saa zake. La tisa uliandika kwamba uzi unatungiwa na mtoto. La kumi na moja, kwamba unashona kwa kupapasa. La kumi na nne uliandika jicho la kulia limekwisha na la kushoto linafuata.

Na mimi nikakujibu kwamba siri yako ni dhaifu.

Nimeandika na kufuta. Nilikwenda kujifungia chooni, palepale kwenye mlango tuliokuwa tukiufanyia mzaha kwa jina lako, nikalia mpaka mwenzangu akagonga. Zile herufi za kijivu nilizichagua mimi, si bosi, niliona zinapendeza. Wewe ulikuwa umeisogeza simu mpaka puani kuzitafuta, halafu ukanipigia makofi kwenye simu ili mdogo wako asione haya. Na gauni ulilonishonea, ambalo nilikuudhi kwa kukuambia mshono umekwenda kulewa, sasa nimelitazama upya. Nisamehe kwa hilo gauni. Nisamehe kwa yote, lakini kwa hilo nianzie.

Nilikupigia jioni ile ile. Ukaniambia umeshajisajili, nisikusumbue, na ukaniuliza kama nimekula. Ndipo nilipojua lazima niandike.

Siri yako haijafika kwingine. Kimya hakuwahi kufungua maandishi yako, na nilisimama nyuma yake mpaka akafuta orodha nzima. Shemeji sijamwambia, hilo ni lako, ingawa ningekuwa wewe ningemwambia leo. Najua unachoogopa: wateja wakisikia fundi haoni, watahamisha vitambaa kabla ya jua kuzama. Lakini dada, mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya hayaui, yanachukua tu mchana wako kidogokidogo huku wewe unatabasamu. Nilikwenda kliniki ya macho iliyo karibu na ofisi, nikamweleza muuguzi bila kutaja jina. Alisema lililokwenda huenda lisirudi. Linalofuata linaweza kuzuiwa, ila likiwahiwa, na aliniuliza kwa ukali tunangoja nini.

Nimekuandikisha kwa daktari Jumatano asubuhi. Jumatatu nitakuwa hapo kwako kukuchukua, na ukifunga mlango nitakaa kibarazani nikiimba, unajua sauti yangu. Sare za muhula mpya mkabidhi yule fundi jirani mnayenuniana naye. Ajue utarudi kuzikagua.

Msalimie shemeji, msalimie mwanetu na umbusu kwenye kile kisogo chake kikubwa. Wasalimie na majirani, hata yule fundi.

La mwisho. Barua hii umeona ni nzito. Nimeiandika kwa kalamu ya kuandikia mabango, maneno manne kwenye mstari, na nimemaliza madaftari mawili, ili usilazimike kumwita mtoto akusomee mambo haya. Kama umefika mpaka hapa kwa jicho lako mwenyewe, dada, basi hatujachelewa.

Ni mimi mdogo wako,

Kidomo