Siku Mama Aliposimama Getini Usa River

Mpendwa mdogo wangu,

Namba yako haipatikani tangu ulipohamia Morogoro, lakini najua ukurasa wangu huu wa gazetini huwa unausoma, kwa hiyo nakuandikia hapa. Jina lako silitaji.

Nianze na chumba changu cha Kisongo. Ulikuwa mwezi wa tatu wa mafunzo yako ya Wicca, ile dini ya Kiingereza ya kuabudu maumbile, kwa yule bibi Mwingereza wa Usa River, muuguzi mstaafu uliyekuwa unamtunzia bustani. Ulikuja Jumapili na daftari ulilonakilia mafundisho yake kwa mkono: hatua za mwezi, majira, mimea, maneno ya kumwita Mungu wa kike na Mungu wa kiume. Ukachora mduara wa unga wa sembe sakafuni ili unionyeshe ibada inavyofanyika. Kuku wa mama mwenye nyumba akaingia, akala upande wote wa mashariki.

"Kaka, huyu naye anataka kuingizwa!" ulisema. Ukacheka, ukafagia, ukachora upya.

Nilikuuliza kama huo si uchawi. Ulijibu kwamba sharti la kwanza ni kutomdhuru mtu, ukaendelea na unga wako.

Mafunzo yalikuwa ya mwaka mmoja na siku moja. Hukukosa somo hata moja. Ulipomaliza ukaniambia mimi peke yangu kwamba Jumamosi ungeingizwa rasmi katika dini hiyo, saa kumi jioni, bustanini. "Usimwambie mtu, kaka." Nikakubali.

Kosa langu nalieleza kama lilivyotokea. Kwa miaka zaidi ya ishirini ya uandishi wa habari sijaamini habari niliyoisikia kwa mtu mmoja tu. Alhamisi nilimpigia simu mchungaji wetu wa kule nyumbani mlimani, nikamwuliza Wicca ni nini na kama ina hatari. Sikukutaja. Akauliza, "Ni yule mdogo wako wa Usa River?" Nikamjibu kwamba sina la kusema. Jibu hilo nimepewa na watu wengi kazini, na kila mara nimejua maana yake. Naye alijua, na Ijumaa akamwambia mama, ambaye hakungoja Jumapili.

Jumamosi saa tisa mama alikuwa getini, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mimi nilifika nyuma yake. Alikuja kumkemea mwalimu wako, lakini alipoziona mvi zake akasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Mwanangu anakunywa damu humu?"

"Anakunywa mchaichai. Na sukari anaweka nyingi mno."

Mama hakucheka. Alikaa chini kwenye majani, akaanza kulia. Ukatoka na gauni lako jeupe. Mwalimu akakuambia kwamba hamwingizi mtu huku mama yake analia nje, akaahirisha. Hukubishana. Uliniangalia mimi, si mama, ukauliza, "Ulimwambia nani?" Nikakutajia mchungaji. Jumatatu ulikuwa umeshaondoka.

Nimerudi Usa River mara mbili. Mwalimu wako sasa anatembea kwa fimbo. Anasema mwaka wako haujafutika; ukija, atakuingiza.

Wiki iliyopita nilimwambia mama kwamba nitakuandikia. Alikuwa anachambua maharage, na hakuinua uso.

"Mwambie aende kwa yule bibi wa Usa River amalize. Mimi getini sifiki tena. Ila asitake nifurahi. Na akimaliza aje nyumbani ale."

"Niandike hivyo hivyo?"

"Si ndiyo kazi yako? Andika."

Nimeandika. Kwa upande wangu, nilivunja ahadi, na mwaka wako mzima ukaishia getini. Sikutafutii sababu ya kunisamehe. Kama utaamua kurudi, nenda. Ila usiniambie siku.

Ubaki salama huko uliko.

Kaka yako