Onyo Lililofika Saa Sita

Yaya Kavira, dada yangu,

Pokea salamu za Eringeti, zenye harufu ya mvua na mboga ya sombe, majani ya muhogo, ya shangazi. Ila nakuandikia nina hasira. Simu ya shangazi hupata mtandao ikitundikwa tu kwenye mti wa avoka. Leo mvua ilinyesha, tukaiacha ndani, naye shangazi akaenda shambani. Nilipoitundika saa sita mchana, likaingia onyo la alfajiri: watu wasiende mashambani, wenye silaha wameonekana huko.

Nikamkimbilia bwana wa kamati ya usalama ya kijiji, anayetuma maonyo.

“Lakini message ilienda, mutoto,” akasema.

Mimi, ambaye darasani sikuinua mkono hata siku moja, nikamjibu, “Ilienda, hapana kufika. Kama mutu hajibu, mumutafute.”

Shangazi alirudi jioni, salama. Wewe ukipata kadi hii, nijibu neno moja: imefika.

Mdogo wako akupendaye,
Masika