Sauti ya Kaka Yako

Shemeji yangu,

Hatujambo, ila mdogo anaota meno na mimi kulala nimesahau.

Kaka yako aliigiza filamu tatu tu, lakini hadi leo nikienda sokoni wananiita mke wa Hakimu, yule aliyemwigiza, na kunipisha kwenye foleni. Ya nne alipigwa picha zote, akafa kabla ya kuingiza sauti studio. Jana mwongozaji alikuja. "Dada, yeye na mdogo wake sauti ni moja. Mwambie aje amalizie." Nikikataa, kazi yake ya mwisho itatupwa. Nikikubali, nitamsikia akisema maneno ambayo hakuyasema. Sijui nicheke au nilie.

Ulipopiga simu Jumapili, mkubwa aliidaka. "Baba, bado tu unaigiza? Rudi basi!" Nilipaswa kumwambia kwamba huyo ni baba mdogo. Sikumwambia, maana hata mimi nilikuwa nimesogeza sikio.

Basi nenda kamalizie, nimekubali. Lakini hapa nyumbani usipige tena simu mpaka nimweleze mtoto, na mimi mwenyewe nielewe. Kwa sasa uniandikie.

Shemeji yako,
Mama wa wanao