Vijiti vya Boga vya Mkaza Mwana

Ijumaa, 2 Juni 2023

Leo nimeonyeshwa chakula cha mjukuu wangu. Vijiti! Boga limechemshwa, likapondwa, likakandwa na unga wa mchele, likaokwa kwenye oveni ndogo inayokula nusu ya jiko lao, likatoka vijiti vya urefu wa kidole. Hakuna chumvi. Hakuna sukari. Hakuna hata aibu. Nimeonja kimoja — ni kutafuna sifongo ya kuoshea vyombo.

"Hivi, Mama, mtoto anashika mwenyewe, anajilisha mwenyewe," Mama Do-gyeom akaniambia, macho yanang'aa utadhani yeye ndiye aliyegundua moto.

Jina lake Yun-ha, lakini tangu ajifungue Novemba ni Mama Do-gyeom, kama mimi nilivyo Mama Gyu-tae. Na Gyu-tae wangu, mumewe, kapewa kijiti kakila kasema kitamu. Mwongo! Nilimzaa mimi, namjua akidanganya. Masikio humchezacheza.

Mtoto kawekwa kwenye kiti kirefu, chini plastiki imetandazwa kama vile anachinjwa kuku. Kijiti kimoja kikaenda sikioni. Kingine sakafuni. Kingine kakiminya mpaka kikawa matope, akajipaka kichwani. Mimi nimekaa pembeni na kijiko, uji wangu wa mchele na nyama unapoa bakulini. Nikaambiwa — kwa adabu, simnyimi haki yake — "Mama, tumwache ajifunze." Ajifunze nini, kula? Mbuzi alifundishwa na nani?

Nimelea watatu kwa kijiko hiki hiki. Hakuna aliyeniuliza niliwaleaje. Wanaiuliza simu.

Jumapili, 4 Juni

Kaka yangu kashuka kutoka Sancheong na asali mpya, ya maua ya Mei, nyepesi, karibu nyeupe. Asali ya mizinga yake mwenyewe. Chupa haina hata karatasi juu. Nimeilamba kwa kidole nikafumba macho. Hapo ndipo mtu anajua ana ulimi.

Nikawapelekea kichupa. Mama Do-gyeom kakipokea kwa mikono miwili, kainama, kashukuru. Kisha ndiyo yakaja.

"Ila Mama, Do-gyeom tusimpe, eti? Mtoto asiyefikisha mwaka mmoja, asali ni hatari kwake."

Nikamwitikia haya, haya. Kubishana na watu wa simu ni kutwanga maji kinuni.

Lakini jamani! Asiyefikisha mwaka mmoja ni nani? Mtoto akitoka tumboni ana mwaka wake mmoja, ndivyo sote tulivyohesabiwa, na mwaka mpya ukiingia anaongezwa wa pili. Supu ya vitumbua vya mchele ya mwaka mpya nilimpaka mdomoni mimi mwenyewe, Januari. Ana miaka miwili huyu! Wa chini ya mwaka mmoja bado yumo tumboni, na huko nani atampelekea asali? Mama mzima hajui umri wa mwanawe, halafu anajua kuoka.

Alhamisi, 8 Juni

Siku yangu ya mtoto. Jumanne na Alhamisi mama yake anakwenda kuuza miwani, na mimi nabaki naye hapa kwangu, jengo la pili. Kaletwa na kisanduku cha vijiti, vya boga na vya tofu. Vya soya iliyogandishwa! Nikampelekea kimoja mbwa wa Mama Seong-pil, jirani yangu wa mlango wa pili. Mbwa kakinusa, kanitazama, kaenda zake kulala.

Vyote jalalani.

Nikapika vyangu. Viazi vitamu vimechemshwa, vimepondwa, asali vijiko viwili — sawa, vitatu — nikavifinyanga, nikavitia kwenye ile mashine ya hewa moto ambayo Gyu-tae alininunulia na ambayo mimi naokea samaki. Vilitoka vinanukia samaki kidogo. Havikudhurika.

Nimemwekea mbele kimoja. Kakishika. Kakitia mdomoni moja kwa moja, si sikioni! Kakinyonya, kakitafuna kwa fizi, kanyosha mkono anataka kingine. Kajilisha mwenyewe, mjukuu wangu. Chakula kikiwa chakula hakihitaji somo. Wahenga hawakukosea: mkono mtupu haulambwi.

Jumanne, 13 Juni

Nimecheka mpaka nimepaliwa. Mama Do-gyeom kaona kisanduku kimerudi kitupu, kapiga picha. Kisanduku kitupu! Kaipeleka kwa wenzake wa simu, wale aliojifungua nao mwezi mmoja. Wote wanapigiana makofi huko. Mmoja kauliza kipimo cha unga.

"Mama, kwako anamaliza yote. Kwangu anatupa. Mnafanyaje?"

"Mapenzi tu," nikamjibu.

Kidogo ausome ukweli usoni pangu, lakini hana macho hayo. Kaniletea na vingine, vya brokoli. Jalalani navyo. Leo nimevipaka vyangu asali juu pia, vikang'aa kama vya dukani. Do-gyeom kanichekea na uso mzima unanata. Moyo wangu ulijaa, naandika kama ulivyo.

Alhamisi, 15 Juni

Mama Seong-pil kaja kunywa chai, kaniona nachanganya.

"Mama Gyu-tae, asali hiyo ni ya mtoto? Si wanakataza, mwenzangu?"

"Wanakataza wa chini ya mwaka. Huyu wa miaka miwili."

Kafikiri. "Ah, kweli," akasema, akachukua kijiti akala. Huyo hata ukimwambia jua linachomoza Japani na kuzama Japani atakubali. Lakini alikubali, na mimi niliridhika.

Kisha kaanza habari zake za serikali. Eti mwisho wa mwezi sheria inabadilika, hesabu ya umri ya zamani basi, wote tunapunguziwa mwaka, wengine miwili. Anafurahi kama kapewa meno mapya. Mimi mwaka wangu nimeula, nimeutesekea, nimeuzika. Waniondolee wakaufanyie nini? Watu wazima na vyeo vyao wamekaa bungeni kuhesabu vidole upya! Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Jumanne, 20 Juni

Mtoto kafunga choo. Tangu Jumamosi, anasema mama yake. Wewe mlishe mtoto boga kavu na brokoli iliyookwa ikakauka, kisha ushangae! Nilijua. Nilisema tangu mwanzo. Hakuna aliyesikia.

Leo kapoa sana. Hana ubishi. Kijiti kakishika, kikamponyoka, hakukilalamikia. Nikamlisha mwenyewe vipande vidogo. Na kwa ajili ya choo nikamkorogea asali na maji ya vuguvugu kwenye kijiko, kama mama yangu alivyotufanyia sisi. Asali hulainisha. Hilo halihitaji simu.

Alhamisi, 22 Juni

Wamempeleka kliniki. Daktari kijana, anasema choo tu, kampa dawa. Nilimwambia Gyu-tae kwenye simu, wazi, sikuzunguka:

"Ni vile vijiti vya mkeo."

"Nitazungumza naye, Mama," akajibu.

Na kweli kazungumza. Leo mkaza mwana kaja kumchukua mtoto, pua nyekundu. Kasema ataacha kuoka kidogo, aone. Nikamwambia uamuzi wa busara. Ah, nilivyoyasema yale maneno! Taratibu, kama namega keki. Siku nzima nimetembea nyumbani kama mshindi wa uchaguzi.

Kilio cha mtoto kimekuwa chembamba. Cha kitoto cha paka. Dawa hiyo, labda.

Jumapili, 25 Juni

Tumekula pamoja kwao. Sikupenda nilichoona.

Kope zake zinashuka. Amekaa macho lakini kope zinashuka, kama mlevi. Nimemnyanyua, kichwa kikaangukia mkononi mwangu chote, chote. Wiki mbili zilizopita alikuwa ananing'ang'ania nywele. Nikamwekea uji mdomoni, ukakaa pale pale, kisha ukatoka pembeni.

Mama Do-gyeom alimfuta shavu. Gyu-tae alisema usingizi. Mimi nilisema meno yanaota. Sote watatu tukakubaliana na meno.

Jumatatu, 26 Juni

Hospitali kubwa. Alfajiri alishindwa kunyonya. Hana nguvu hata ya kulia.

Mipira puani. Siwezi kuandika.

Jumatano, 28 Juni

Naandika hapa hospitalini, kwenye benchi la nje ya wodi. Nyumbani sikai.

Jana madaktari waliuliza maswali, mama yake akajibu yote. Amekula nini, ameoka na nini, unga wa wapi, boga la wapi. Na waliuliza asali. Nilikuwepo. Niliuangalia mdomo wa yule daktari mwanamke ukilitamka. Mama Do-gyeom akamrukia kabla hajamaliza: "Asali hapana kabisa, daktari! Hata tone. Hajafikisha mwaka. Nyumba nzima inajua."

Nyumba nzima inajua. Mimi nikakaa. Nilijiambia: ana miaka miwili, swali hilo halimhusu. Nilijiambia hivyo, na huku natazama sakafu.

Leo asubuhi televisheni ya hapa kwenye korido. Ndiyo siku ya ile sheria. Mtangazaji anatabasamu: kuanzia leo sote ni vijana zaidi. Wakaonyesha mtoto mchanga wa Novemba iliyopita, mnono, kavaa kofia. Eti jana bibi yake alikuwa anamwita wa miaka miwili, lakini mtoto huyu hana hata mwaka, ana miezi saba, na miezi saba ndiyo umri wake wa kweli, ndiyo ambao hospitali imekuwa ikiutumia siku zote. Siku zote! Watu kwenye mabenchi wakacheka. Mzee mmoja akasema sasa naye atatafuta mchumba.

Miezi saba.

Mpumbavu mimi. Bibi kizee mpumbavu mwenye kijiko! Nilimcheka mwenye kujua umri wa mwanawe kwa mwezi. Aliniambia. Aliniambia kwa mdomo wake, kichupa changu kikiwa mikononi mwake, na mimi nikasema haya, haya.

Daktari kasema wanashuku sumu inayolegeza misuli, inatengenezwa tumboni na vijidudu vinavyoingia na chakula. Kuoka hakuviui. Choo chake wamekipeleka kupimwa, lakini majibu yanachukua siku. Dawa ipo, haipo hapa, inaagizwa mbali, na hawawezi kuiagiza kwa kubahatisha. Wanahitaji kujua kitu gani. Wakati huo huo kifua kinachoka. Hilo alilisema polepole, tulisikie.

Gyu-tae kaniletea kahawa. Kakaa kando yangu, hajanyoa.

"Ulikuwa sahihi, Mama. Tangu mwanzo. Nimemwambia asiguse tena ile oveni. Vijiti vyake vyote vilivyobaki kwenye friji wamevichukua kupima."

Maneno niliyoyangoja mwezi mzima! Nikaiweka kahawa chini bila kuionja. Nikasema, "Gyu-tae," akasema, "Usiseme kitu, Mama, umechoka," akainuka akaenda kupokea simu. Niliiona fursa ikiondoka na viatu vyake. Na nilishukuru ilivyoondoka! Naandika hilo pia, nilione.

Yeye Mama Do-gyeom alikuwa sakafuni, mgongo ukutani. Wauguzi wanampita kama wanapita ndoo. Mumewe hamtazami. Mama yake mwenyewe kapiga simu kutoka Busan na kumuuliza kwani hukuosha vyombo. Anajihesabia mwenyewe kwa sauti ndogo: labda boga, labda lile sinia, labda mikono yangu.

Nikamwita. "Mama Do-gyeom."

"Abee, Mama."

Kaitika abee. Macho hayafunguki kwa kuvimba, na bado kaitika.

Kaja, kakaa hapa nilipo. Kanishika mkono wangu huu wa kuandikia. Kaniuliza:

"Mama, wewe umelea watatu. Siku mbili kila wiki alikuwa kwako, anakula kwako. Unafikiri ni nini? Niambie tu. Mimi sitakasirika, mimi nataka kujua."

Ndiyo mara ya kwanza kuniuliza kitu. Nikafungua mdomo. Nikasema nataka kumwambia daktari. Hilo tu ndilo lililotoka, nataka kumwambia daktari, na yeye akaruka pale alipokuwa kama kaambiwa mtoto kapona, akakimbia kumtafuta, soksi tupu, viatu vyake viko hapa chini ya benchi.

Asali. Nimeliandika. Asali, vijiko vitatu, kisha juu yake nyingine, kisha na ya maji. Nitalisema vivi hivi, kwa mpangilio huu.

Nawasikia wanakuja, hawajafika kwenye kona. Anamwelezea daktari huku anahema, namsikia kila neno. Anamwambia, "Muulize yeye chochote. Mama mkwe wangu ni makini sana na mtoto."