Kisima Nilichofukia kwa Mikono Yangu

Jumapili, saa kumi na nusu jioni. Joto la huku halina upepo, nguo imeshika mgongo, na mimi nimekasirika tangu saa sita mchana.

Mumo amelala. Amelala vizuri, nimeenda kumwangalia mara tatu. Nimekaa mlangoni mwa chumba cha baba yake na simu inakaribia kuzima, kwa hivyo sitazunguka sana.

Kwa wenye hamjui, tuko Mombasa. Si mjini penyewe, ni mtaa wa ng'ambo ya daraja, kando ya bahari. Kyalo, baba Mumo, anafanya kazi ya bustani kwa nyumba moja hapa. Mwenye nyumba amesafiri, akamruhusu atulete tukae naye wiki mbili. Mimi sijawahi kutoka kwetu Kathonzweni, huko bara, nikafika mbali hivi. Kwetu tunaambiwa Mombasa ndiyo mji mkuu wa pwani yote, kwa hivyo nilijitayarisha kwa kelele. Hakuna kelele. Ni kuta nyeupe, maua yamemwagika juu ya kuta, mbwa wanabweka ndani ya mageti, na watu huwaoni. Kumetulia hadi unasikia kile chuma cha kunyunyizia nyasi maji kikizunguka.

Nyasi ya huku inakunywa asubuhi na jioni. Mwenye kuinywesha ni mume wangu.

Siku ya kwanza nilisimama nikaangalia maji yakipita nyasi yakaenda kulowesha lami. Niliingia ndani nikaanza kupanga nguo za mtoto, na zilikuwa zimepangwa.

Sasa, mambo ya leo.

Mumo ana vipele. Vilianza shingoni na kwapani kabla hatujasafiri. Nilipaka nilichopewa zahanati, vikapungua, vikarudi. Susu, ndiye nyanya yangu aliyenilea, akasema dawa ni maji ya bahari. Kwetu wengi wanaamini hivyo. Mtu akienda Mombasa anaagizwa chupa, na chupa ikifika inagawanywa kidogo kidogo kwa majirani. Susu hajawahi kuiona bahari, lakini maagizo alikuwa nayo yote. "Wewe usilete chupa. Peleka mtoto mwenyewe. Mtumbukize mara tatu, umwache akauke hivyo hivyo, usimwoshe."

Nikamwamini. Na kitu kimoja sikuangalia: usiku Mumo alikuwa amejikuna, vipele vya shingoni vimepasuka.

Hilo kosa ni langu. Naliandika hapa mapema ili hasira yangu ya baadaye isionekane kama ya kujitetea.

Kyalo alikuwa kazini, kwa hivyo tulienda sisi wawili. Kufika baharini pia ni kazi. Unaona maji kati ya nyumba, lakini kila njia ina geti. Tulitembea hadi tukapata kichochoro kati ya kuta mbili, cha kupita mtu mmoja, tukatokea upande wa hoteli. Bahari ilikuwa imetoka, imeenda mbali, mchanga umebaki wazi na mwani umelala juu yake. Mumo alicheka. Mtoto wa miaka miwili anacheka bahari kama anacheka ng'ombe. Nilimbeba hadi kwa maji, nikamtumbukiza mara tatu, nikiomba Mungu kwa roho.

Mara ya tatu alipiga nduru ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Ile chumvi iliingia kwa vidonda. Halafu akajisugua macho na mikono yenye chumvi, macho yakafunga, akawa anapiga kichwa kwa kifua changu. Sikuwa nimebeba maji. Susu alisema asioshwe, sasa ya nini? Kikombe chake kilikuwa kitupu, uji alishamaliza njiani.

Hoteli ina bomba pale chini ya ngazi, la watu kunawa mchanga miguuni. Nilikimbia. Soja wa kulinda hoteli akasimama mbele yangu, kijana wa rika la Kyalo, amevaa sare safi.

"Mama, hapo huwezi chota. Hiyo ni ya wageni."

"Mimi pia ni mgeni. Nimetoka Kathonzweni juzi."

"Wageni wa hoteli."

"Ni macho ya mtoto tu. Kikombe kimoja."

"Nikikuruhusu wewe, kesho mtakuwa mia."

Hapo ndipo nilimsikia vizuri. Ile sauti ya kupanda mwisho wa neno naijua, ni ya kwetu. Nikamsalimia Kikamba, uvoo waku, jinsi unavyomsalimia mtu wa nyumbani hata kama humjui. Aliniangalia. Akaangalia juu kwa veranda ya hoteli.

Akanijibu Kiswahili. "Mama, ondoka hapa, tafadhali."

Hakukosa maji. Lile bomba lilikuwa linadondoka wakati tunaongea, tone baada ya tone, kwa mchanga.

Sasa sijui niliwaza nini, au hata kama niliwaza. Mkono wenyewe ulikumbuka. Kwetu mto ukikauka hatusemi maji yameisha. Tunachimba mchanga. Nilifundishwa kabla sijajua kusoma: unatafuta pahali mchanga umekuwa mweusi, pahali kuna majani mabichi bila sababu, unaanzia hapo. Na chini ya ule ukuta wa hoteli, juu kabisa pahali mawimbi hayafiki, kulikuwa na majani yanatambaa, na mchanga wa hapo ulikuwa na unyevu. Kila mtu alikuwa anapakanyaga.

Nilimfunga Mumo mgongoni na leso nikapiga magoti, nikaanza kuchimba kwa kikombe.

Kulikuwa na mama anauza mihogo ya kukaanga, Mama Riziki, wa hapo hapo. Akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Dada wa bara, wazika nini hapo?"

"Natafuta maji."

"Maji? Na hayo yote mbele yako ni uji?"

Walicheka, yeye na vijana wa kukodisha maboya. Sikuwalaumu. Hata mimi ningecheka. Niliendelea. Mchanga wa kwanza mkavu, wa pili baridi, wa tatu unaanza kuporomoka, unapanua shimo. Mkono ulipoingia hadi kiwiko, maji yakaanza kujikusanya. Ya kwanza unamwaga, ni machafu. Ya pili pia. Ya tatu niliweka kwa ulimi.

Hayakuwa matamu kama ya kwetu. Lakini hayakuwa ya bahari.

Niliosha macho ya mtoto wangu. Nikaosha shingo, kwapa, mgongo, kikombe baada ya kikombe, na kile kisima kikawa kinajaa pole pole bila kunionyesha dharau. Mumo alishusha pumzi zile za kukatika katika, akafungua jicho moja, akaniangalia. Nililia hapo. Sioni haya.

Mama Riziki alikuja na kata yake ya kifuu akaonja. Hakucheka tena. "Kumbe ni kweli. Nyanya yangu alisema waliteka maji hapa kabla ukuta haujajengwa. Mie nilidhani ni hadithi za kutulaza."

Halafu soja akaja. Kuna mtu kwa veranda alikuwa ameuliza ni nani anachimba ufuo.

"Mama, fukia hilo shimo. Mgeni ataanguka."

"Hili si shimo, unajua," nikamwambia. "Ni kithima, kisima cha kwetu. Unatoka wapi?"

"Mukuyuni," akasema chini chini. Kisha kwa sauti, "Fukia."

Mama Riziki akamvaa. "Yuwachimba kisima, bwana we, hajachimba kaburi lako. Wende ukalinde ngazi."

Soja alinisogelea, na sasa alikuwa anaongea Kikamba, haraka, bila kuniangalia. Alisema hata kwao wanachimba, mama yake anachimba mpaka leo, lakini hapa si mtoni, na sisi watu wa nyumbani ndio tunamwaibisha kazini.

Kikamba alikuwa nacho. Alikikosa tu nilipokuwa naomba kikombe.

Na hapa ndipo pananiuma, kwa hivyo nisiseme uongo. Nilifukia. Hakunishika, hakunitukana. Aliniambia fukia, na mimi nikapiga magoti nikarudisha mchanga kwa mikono yangu, na mtoto mgongoni, hadi pakawa sawa. Nilisema hata "pole".

Pole ya nini?

Kwetu kisima hakifukiwi. Hata ukigombana na mtu hadi mkaitana kwa wazee, kisima chake hukigusi. Ukimaliza kuchota unaweka tawi la miiba juu mbuzi wasichafue, unaacha kikombe kando, na mwenye atakuja baada yako humjui na humuulizi. Mimi nimefukia maji yenye yalikuwa yametoka. Sijawahi kufanya hivyo maisha yangu yote, na nimefanya siku ya kwanza kukanyaga ufuo wa bahari.

Nilirudi nikamweleza Kyalo. Yeye ni mtu mpole, alisikiliza hadi mwisho na mpira wa maji mkononi. Akasema, "Huyo soja ananijua, Mama Mumo. Tusitafute maneno na watu wa hapa."

"Haya maji unamwagia nyasi ni ya nani?"

Aliangalia madirisha ya jirani. Halafu akamvua Mumo shati, akageuza mpira akampitishia maji mgongoni, pole pole, dole likiwa limekinga mdomo wa mpira yasiruke. Mumo alicheka tena. Kyalo hakuwa ameruhusiwa kufanya hivyo, na alifanya mchana, mbele ya hayo madirisha. Nilimpenda sana.

Vipele vimekuwa vyekundu lakini havijavimba. Macho ni mazuri. Kesho asubuhi tutampeleka zahanati ya huku, na Susu nitampigia nimweleze ukweli kuhusu chumvi, kwa heshima. Tafadhali, kama mtoto wako amejikuna, usimpeleke baharini bila maji ya kumwosha.

Mama Riziki ameniambia kesho bahari itatoka tena mchana. Tukitoka zahanati Mumo atabaki na baba yake. Nitaenda na kikombe, na nimeshakata tawi la yale maua ya ukutani, lina miiba ya kutosha. Pahali nimepakumbuka, ni chini ya yale majani.

Huyo kijana wa Mukuyuni akija, nitamsalimia kwa lugha ya mama yake kabla hajasema kitu. Halafu nitamtekea kikombe cha kwanza kilicho safi, nimpe. Akinywa, sawa. Akikataa, sawa.

Lakini kufukia, afukie yeye.